Upole wa Mganga wa Samaki

Shemeji yangu ni mpole mpaka anaudhi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayeomba radhi. Ukimtukana, atakuuliza kama umeshakula. Mimi sikuumbwa hivyo. Mdomo wangu hauna breki, na siku dada alipomleta nyumbani kumtambulisha nilimvuta dada pembeni nikamwambia, "Huyu mwanaume atafukuzwa na kuku wake mwenyewe." Dada alicheka mpaka akashikilia mlango. Akaolewa naye hivyo hivyo, na katika miaka yote ya ndoa yao sikuwahi kumsikia shemeji akipaza sauti, labda siku paka alipotumbukia kisimani, na hata siku hiyo alikuwa anamwita paka kwa heshima.

Alikuwa fundi bomba. Nimewaona mafundi bomba wengi mimi. Wakiingia kwako wanautwanga ukuta kana kwamba ukuta umewatukania mama zao. Shemeji alikuwa anaweka kiganja ukutani kwanza, anatulia, anafumba macho, kisha anasema, "Hapa." Akitoboa hapo, bomba linalovuja liko hapo. Kuna watu walikuwa radhi kuweka ndoo chini ya dari na kumsubiri yeye kuliko kumwita fundi mwingine.

Samaki walikuwa wa dada. Hilo naomba lieleweke, maana siku hizi watu wakipita pale wanasema mabwawa ya mganga wa samaki, mabwawa ya mganga wa samaki, kana kwamba dada hakuwahi kuzaliwa. Ile sehemu nyuma ya nyumba yao ilikuwa tope na vyura. Dada ndiye aliyesema hapa tutafuga perege. Shemeji akachimba, akatandaza mabomba, akafanya maji yaingie huku yatokee kule, na kando ya ukuta wa jiko akajenga tangi la saruji. Mabwawani walikaa samaki wa kuuza. Tangini walikaa majike wakubwa wa mbegu, wale wa kuzaa, pamoja na dume lao.

Hao majike dada aliwaita mama wakubwa. Nilimwuliza, ala, mama mkubwa si dada yake mama? Binti yako mimi ananiita mama mdogo, halafu samaki ndio mama wakubwa? Yaani samaki ni dada zangu? "Ndiyo," akasema, "tena uwaamkie." Basi kila nikifika nilikuwa nainama juu ya tangi nawapa shikamoo, na binti yake, wakati huo bado yuko shule, anaanguka chini kwa kicheko. Dume halikupewa jina. Dada alisema dume kazi yake ni fupi.

Kama hujawahi kufuga perege, ngoja nikuambie jambo moja. Jike akishataga huyaokota mayai yake yote na kuyaweka mdomoni. Humo humo yanaanguliwa, humo humo vifaranga wanakaa mpaka waweze kuogelea wenyewe. Na muda wote huo, wiki mbili hivi, mama hali. Akila atameza watoto. Unamtupia chakula, kinashuka mbele ya pua yake, anakitazama tu. Dada aliwapenda kwa sababu hiyo. Alisema hao ni wanawake wenye akili, wanajua kufunga mdomo. Alikuwa ananilenga mimi, nani mwingine.

Kisha akaugua. Alikuwa na sukari kwa miaka mingi, anaijua na inamjua, wakaheshimiana. Halafu kiatu kipya kikamchubua kidole cha mguu, kidonda kidogo tu, cha kucheka, na kidonda kikagoma kupona. Kikapanda. Shemeji akaacha kazi za watu, akawa anamwosha mguu kila asubuhi kwa maji yaliyochemshwa, anamfunga kitambaa safi, taratibu, huku anamsimulia habari za samaki, nani ametaga, nani amegombana na nani. Nesi mwenyewe alisema hajaona kidonda kinachofungwa vizuri vile. Nilikuwa nikikaa mlangoni nawatazama. Mikono ile mikubwa ya kukaza mabomba, ikimgusa kama inagusa yai.

Mimi ni fundi cherehani. Katika kipindi hicho cha kulala ndani, dada aliniomba chandarua kikuukuu na uzi, akakaa kitandani akashona wavu kwa mkono, tundu ndogo ndogo, laini kabisa. Nyavu za dukani ni ngumu, alisema, zinakwaruza magamba, na samaki akishakwaruzwa hapo ndipo ugonjwa unapopata mlango. Shemeji akautia duara la waya na mpini. Dada akamwambia, "Mama wakubwa ukiwashika, washike na huu. Wasikwaruzike." Hilo ni katika maneno yake ya mwisho mwisho aliyoyasema akili ikiwa imetulia. Hospitalini walikuwa wanajiandaa kumkata mguu alipofariki.

Basi dada alituachia vitu viwili vyenye pumzi. Binti yake, ambaye alikuwa ameolewa akahamia mbali, na wale samaki tangini. Vingine vyote, nguo, vyombo, kitanda, havina pumzi. Shemeji akahamishia maisha yake pale ukingoni. Chai anainywea pale. Redio anaisikilizia pale. Nilimfokea, "Shemeji, hebu toka, watu wanaoa tena, dunia haijaisha!" Akanijibu, "Shemeji, chai inapoa." Unamjibu nini mtu wa hivyo? Niliinywa chai nikarudi kwangu nikalia njia nzima.

Maji yalipopoa mwaka uliofuata, ugonjwa ukaingia kwenye mabwawa ya majirani. Samaki wanatoka mabaka mekundu, magamba yanasimama, mikia inachanika na kuoza, matumbo yanavimba, wanakuja juu kuhema, kesho wanaelea. Zamani ulikuwa unanunua dawa ya bakteria dukani, unachanganya na chakula, mambo yanaisha. Lakini kila mtu alikuwa anamwaga kwa kukisia, leo kidogo, kesho nyingi, wengine wanawapa hata samaki wazima ati wanenepe, mpaka vijidudu vikaizoea. Sasa ukiwapa dawa ile ni kama umewapa maji. Jirani wa bonde la chini alizika samaki wake wote kwenye shimo moja, akapanda mchicha juu.

Kulikuwa na mtaalamu wa samaki anayetupitia kwa pikipiki, msichana mwembamba wa buti za mpira, sisi tulimwita Daktari ingawa mwenyewe alikataa. Yeye ndiye aliyemwambia shemeji kuhusu majani ya mpera. Kwamba yamejaribiwa kwa perege, yanasaidia, lakini yana masharti. Yawekwe kwenye chakula, si kwenye maji. Waanze kupewa kabla hawajaugua au mara tu ugonjwa unapoanza, maana mgonjwa hali, na asiyekula huwezi kumpa dawa ya kula. Na majani hayafanyi kazi peke yake: maji yabadilishwe, wagonjwa wasichanganywe na wazima, kila bwawa na wavu wake, na kila wavu ukishatumika uchovywe kwenye maji ya klorini.

Ukimpa shemeji masharti ndiyo umempa sikukuu. Kazi aliyoifanya ile! Anachuma majani machanga asubuhi umande ukishakauka. Anayaanika kivulini, maana juani yanapoteza nguvu. Anayatwanga, anayachemsha moto mdogo, anachuja kwa kitambaa changu kizuri cha bitana nilichokuwa nimemfichia mteja, anaacha yapoe, anachanganya na pumba na dagaa wa kusaga, anaweka uji mwembamba wa muhogo vishikane, anavianika tena. Na kabla ya kuwapa samaki anaonja mwenyewe. Nilimkuta siku moja anatafuna chakula cha samaki, uso umemkunjamana kwa ukakasi.

"Shemeji, njaa imekufikisha hapo?"

"Dawa ikinishinda mimi," akasema, "na wao itawashinda."

Jirani mmoja, mjuaji, alikuja kumshauri amwage na mwarobaini bwawani, ati chungu ndiyo dawa. Shemeji akamshukuru sana, akamsindikiza mpaka barabarani, na hakumwaga hata jani, kwa sababu Daktari alishamwonya kwamba mwarobaini ukizidi majini unaua samaki kabla ya ugonjwa. Yule mjuaji akaenda kumwaga kwake. Wacha niishie hapo.

Ugonjwa ulifika kwetu pia. Ulianzia bwawa la kwanza, la samaki wadogo wa kuuza. Shemeji aliona mabaka asubuhi moja, akatoa wale waliozidiwa, akabadilisha maji, akaanza kuwapa waliobaki chakula cha majani. Walikufa wengine, sisemi uongo. Lakini waliokuwa bado wanakula waliendelea kula. Vidonda vikaanza kukauka. Mikia iliyokuwa imechanika ikaanza kuota ukingo mpya, mweupe, mwembamba. Daktari alichuchumaa pale ukingoni, akamtazama samaki mmoja, akamtazama wa pili, akasema, "Mzee, hii naenda kuisimulia ofisini." Hapo ndipo watu walipoanza kumwita mganga wa samaki. Walikuja na ndoo, na maswali, na mimi nikawa nawakaribisha pale langoni, nawaambia mganga yuko ndani anapandisha mizimu ya perege, vueni viatu. Shemeji alikuwa anaona haya mpaka masikio.

Nilimwona akitabasamu wiki zile. Naomba niliseme hilo. Baada ya mwaka mzima wa uso uliofungwa, alikuwa anatembea kati ya bwawa na tangi kama mtu aliyepata habari njema. Aliniambia, "Mama wakubwa hawajaguswa na kitu, shemeji. Hata mmoja." Tena walikuwa wametaga karibu wote, midomo imejaa, wamefura mashavu. Na binti yake huko alikoolewa alikuwa mjamzito, tumbo la kwanza. Shemeji alimpigia simu akamwambia, "Wewe na mama wakubwa mnakwenda pamoja." Binti akasema, "Baba, umenifananisha na samaki?" Wakacheka wote wawili, na mimi niliyekuwa nimeshika simu nikacheka.

Sasa kuna ndoo. Ilikaa nyuma ya jiko, na ndani yake mlikuwa na maji ya majani, yale yanayobaki baada ya kuchanganya chakula. Nilipita pale nikasikia harufu nikamfokea, "Shemeji, ndoo hii inanuka, imwage!" Akasema dawa haimwagwi. Nikadhani ni ubahili wa wazee. Nikaenda zangu.

Mama mkubwa wa kwanza alionekana asubuhi, amelala ubavu pembeni mwa tangi. Wa pili alikuwa na baka chini ya pezi. Shemeji hakuniita, nilikuta mwenyewe nilipokwenda kupeleka suruali yake niliyoipunguza kiuno, maana alikuwa amekonda. Nilimkuta amepiga magoti pale ukingoni, ameshika chakula cha dawa kiganjani, anakidondosha punje moja moja.

"Kula, mama mkubwa," anasema. "Kidogo tu. Kula."

Punje zikashuka mbele ya midomo ile iliyofungwa, zikafika chini, zikalala. Walikuwa wanazitazama. Walikuwa na watoto mdomoni, hawakuwa wakila, hawangekula. Dawa iliyowaponya wale wa bwawani ilikuwa inayeyukia sakafuni mwa tangi.

 Nilipiga magoti karibu naye na suruali yake mkononi. Nilijisikia nikisema, na mimi, "Kuleni, basi." Mtu mzima, fundi mwenye wateja, ninambembeleza samaki.

Daktari alikuja alipopigiwa simu. Akakuta amebaki mama mkubwa mmoja anayehema vizuri kidogo, mkubwa kuliko wote, yule ambaye dada alikuwa akimwambia mambo yake. Akasema huyu tumtoe mayai mdomoni tuyalee kwenye beseni, yeye akipata nafasi atakula. Shemeji alimwinua kwa ule wavu wa chandarua, polepole hata maji hayakutikisika, akamfungua mdomo kwa kidole gumba juu ya beseni. Mayai yakamwagika. Yanapaswa kuwa ya rangi ya kahawia, yenye macho. Yalikuwa meupe, yameota utando. Yameshakufa siku nyingi, na mama bado alikuwa ameyabeba.

 Mama mkubwa akarudishwa majini, akaenda chini, hakupanda tena.

Daktari aliosha mikono yake, akaikausha, akavaa uso wa kazi. "Mzee, ugonjwa umeingiaje huku? Maji ya tangi na ya bwawa hayakutani. Nyavu ulitenganisha?"

"Nilitenganisha."

"Ukazichovya kwenye klorini?"

"Zote." Kisha akaugeuza mkononi ule wavu wa chandarua. Shemeji hajui kusema uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mgeni. "Isipokuwa huu. Klorini ingekula uzi. Huu nilikuwa nauchovya kwenye dawa."

"Dawa gani?"

Akamwonyesha ndoo.

Yule msichana aliinama, akatia kidole, akakitoa kina utelezi. Akaongea kama mtu anayempa baba yake habari mbaya. "Mzee, majani yanamsaidia samaki akiyala. Yanampa nguvu, anapigana mwenyewe kutoka ndani. Kwenye ndoo hayaui wadudu. Yakilala siku mbili tatu wadudu wanaota humo humo." Akautazama wavu. "Huu ulishika wagonjwa wa bwawani?"

"Wavu mwingine ulikuwa unawakwaruza vidonda," shemeji akasema. "Walikuwa wanaumia."

"Na mama wakubwa ulikuwa unawashika?"

"Kila asubuhi. Niwatazame tumbo, kama kuna baka. Nilikuwa nawashika taratibu." Akauweka wavu ukingoni. "Hata mayai hawakutema. Jike akishtuka anatema mayai, si ndiyo? Hawakutema hata moja."

Nilitaka kumrukia yule msichana nimzibe mdomo. Hakuwa na kosa, najua, alikuwa anafanya kazi yake. Lakini alikuwa amesimama pale na ukweli wake mkononi, na mimi nilikuwa naona unakokwenda kutua. Hakusema ni wewe. Hakulisema hata kidogo. Alisema tangi lazima limwagwe lote, lipigwe chokaa, na samaki wazikwe mbali na maji. Akasema wale wa bwawani wamepona na watabaki wazima, kwa dawa yake, asisahau hilo. Shemeji akamshukuru. Akamsindikiza mpaka kwenye pikipiki.

Tuliwazika kwenye tuta la vitunguu mbele ya nyumba. Yeye alichimba, mimi nilishikilia karai. Hakulia, na mimi nililia kwa niaba yetu wote wawili, kwa sauti, majirani wakachungulia juu ya ukuta wakadhani kuna msiba. Nikawaambia ndiyo, kuna msiba, mnashangaa nini? Tulipomaliza alikaa kwenye ngazi ya jiko, mikono juu ya magoti, viganja juu, anaitazama.

"Shemeji," akaniita.

"Nini?"

"Na mguu wake?"

"Mguu gani?"

"Wa dada yako. Si mimi niliyekuwa naufunga?"

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. Nilimpigia kelele kama mtoto mdogo. "Sukari! Dada aliuawa na sukari! Daktari wa hospitali alisema damu ilikuwa haifiki mguuni, ulikuwepo, ulisikia kwa masikio yako! Nesi alikusifu! Ulikuwa unachemsha maji, ulikuwa unabadilisha kitambaa kila siku, nilikuwa nimekaa pale mlangoni nakuona! Ulisikia au hukusikia?"

"Nilisikia," akasema, kwa upole wake ule ule. "Hata masharti ya nyavu nilisikia."

Nimeshona nguo za harusi na za maziko, nimegombana na kila mtu mtaani kwetu, sijawahi kukosa neno la kumrudishia mtu. Siku ile nilikosa. Nililojua ni kweli, kwamba mikono yake haikumuua dada, kwamba dada alikufa akiwa ameshikwa vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akifa, nilikuwa nalo lote kifuani na halikuwa na pa kuingilia. Nilikaa naye pale ngazini mpaka chai ikapoa, na safari hii hakuniambia.

Binti alijifungua salama, mtoto wa kike. Alipopata nguvu akamleta. Nilikwenda kumpokea stendi, nikamfunua mtoto nguo ya usoni, nikashika kifua. Paji la uso la dada, lote zima, na lile kunyanzi la ubishi katikati ya nyusi. Nikasema moyoni, haya, huyu ndiye atakayemwinua shemeji pale ngazini.

Shemeji alikuwa amefagia uwanja, amevaa shati lililopigwa pasi. Binti akamnyooshea mtoto. "Baba, mshike mjukuu wako." Shemeji akamtazama mtoto, na uso wake ulifunguka kwa namna ambayo siwezi kuieleza, nikamwona vile alivyokuwa siku ya kwanza dada alipomleta kwetu. Kisha akarudi hatua moja nyuma na kuweka mikono mgongoni.

"Mpe mama mdogo," akasema.

"Mama mdogo ameshamshika njia nzima. Mshike wewe."

"Mikono yangu michafu."

"Baba, umeoga, unanukia sabuni mpaka huku."

Akatikisa kichwa. Binti hakujua lolote, hakuna aliyemweleza, alikuwa na uchovu wa safari na uzazi, akaanza kutokwa na machozi. "Baba, humpendi?"

"Nampenda," akasema shemeji. "Nampenda sana, mwanangu."

Lakini hakumshika. Wiki mbili walizokaa hakumshika. Alimfulia nepi, akamtengenezea beseni la kuogea lenye bomba lake na maji ya uvuguvugu, akakesha nje ya mlango mtoto alipopata mafua, lakini kwa mkono hakumgusa. Nilimfokea, nikambembeleza, nikamleta Daktari mwenyewe aje amweleze kwamba ugonjwa wa perege haumpati mtoto wa mtu. Alimsikiliza Daktari mpaka mwisho. Akamshukuru.

Bado wanamwita mganga wa samaki. Bado wanakuja na ndoo zao, na yeye bado anawapa chakula cha majani, na samaki wa watu wanapona. Anakichanganya kwa mwiko mrefu siku hizi. Tangi liko kavu.

Binti amekuja tena mwezi huu, na mtoto sasa anatambaa. Ni mbishi yule, haambiliki, kachukua ya kwetu. Kati ya watu wote waliomo uani kamchagua babu yake. Anamfuata kwa magoti na viganja kutoka mlango wa jiko mpaka kwenye mabwawa, akifika karibu anainua mikono abebwe, na babu anarudi nyuma hatua moja. Mtoto anadhani ni mchezo. Anacheka, anamfuata tena.